Mguu wa Chande Mbele ya Karani wa Kodi

Kaka yangu Chande alianza kukata boriti katika mikoko ya Gazi kabla ndevu hazijamtoka, na kwa miaka ishirini hakuna aliyemwona amekaa kitako mchana. Kisha matende yakamshika mguu wa kulia. Ukavimba ukawa kama gogo, na kila mwezi homa yake ilimlaza siku nne au tano, akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Boriti zikamshinda. Akawa anakaa barazani kushona nyavu za watu.

Kodi ya serikali haikujua matende. Mwaka wa 1954 mzee wa mtaa alituambia kwamba asiyelipa atapelekwa kambini kuvunja mawe ya barabara, ila mgonjwa wa kudumu aweza kuomba cheti cha msamaha mbele ya daktari. Chande avunje mawe! Wiki moja tu angekuwa kaburini.

Tukaenda mjini, ofisi ya kodi, siku daktari alipopita kupima wagonjwa. Hapa nakiri kosa langu. Niliipiga pasi kanzu yake ya Idi, ndefu mpaka kwenye vidole, nikaifukiza udi. Mtu haendi mbele ya wakubwa kama aliyetoka kuchimba kisima. Akaingia polepole kama kadhi, akaketi, akakunja mikono.

"Hujambo, mzee?" akauliza daktari, mzungu mmoja mwenye haraka.

"Sijambo, bwana, alhamdulillahi."

"Nyumbani?"

"Salama."

Karani wa kodi, aliyeketi kando yake, akapiga muhuri. "Mzima huyu. Mwingine!"

Kaka hakuinuka. Alikuwa akingoja swali la pili. Kwetu maamkizi huitikiwa kwa heri hata kama ndani mna maiti. Baada ya hapo ndipo mwenzio hukuuliza tena, taratibu, nawe ukamwaga yaliyo moyoni. Yule daktari hakuuliza tena. Na mguu, chini ya kanzu niliyoinyoosha kwa mikono yangu mwenyewe, haukuonwa na mtu.

Njiani nilimfokea. "Siku nyingine sema hujiwezi! Lia, guna, jitupe chini!"

"Mwanapili, mtu ananiamkia, nimrushie ugonjwa usoni? Sikulelewa hivyo."

"Basi malezi yako yatakuvunjisha mawe."

Baada ya wiki mbili daktari alirudi pale ofisini, mara ya mwisho kwa mwaka ule, nasi tukaenda tena. Safari hii nilimvika kikoi cha kazi, nikakifunga juu ya magoti.

"Wewe tena?" karani akasema. "Si ulikuwa mzima juzi?"

Nikafungua mdomo. Kaka akanizuia kwa mkono.

"Hujambo?" daktari akauliza, macho kwenye makaratasi.

"Sijambo, bwana."

Nusura nimzabe kofi, kaka yangu mkubwa, mbele ya watu.

"Kama hujambo, umefuata nini hapa?" karani akacheka.

Chande akaunyanyua mguu kwa mikono miwili, akautua juu ya meza, juu ya makaratasi yao. Kidau cha wino kikapinduka.

"Bwana daktari, umeniamkia, nimekuitikia. Hiyo ni haki yako. Sasa niulize habari za huu."

"Ondoa mguu wako, mtu usiye na adabu!" karani akapiga kelele.

"Adabu nilikuletea wiki mbili zilizopita. Ukaipiga muhuri."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Daktari hakucheka. Aliubonyeza mguu, akauliza homa huja lini, hukaa siku ngapi, ulianza kuvimba mwaka gani. Chande akamjibu yote, hakuongeza, hakupunguza. Cheti kikaandikwa, cha mwaka mmoja.

"Mwakani uje tena," karani akasema huku akifuta wino, "tuone kama umepona."

"Njoo wewe Gazi. Mimi na mguu hatuhami."

Mwaka uliofuata nilimsihi aende, akakataa katakata, nami sikulala kwa hofu ya askari. Askari hakuja. Cheti kipya, chenye sahihi ya daktari yule yule, kililetwa na mzee wa mtaa mpaka barazani, na kaka akakitia kibindoni, akaendelea na wavu wake.