Nyumba Inaitwa Mara Mbili

Kama unataka hadithi ya kutunga, nenda kwa jirani yangu hapa mtaa wa Shari, yeye anaweza kukutungia hata ukiwa umesimama mlangoni. Mimi kutunga sijui. Nitakuambia yaliyonipata mimi mwenyewe, mchana, bila pombe tumboni. Ukitaka kuyakataa, kataa, lakini kwanza nisikilize mpaka mwisho.

Sisi ni watu wa mlimani. Nasema hivyo kifua mbele, kwa sababu watu wa mjini Bunia wana tabia ya kutuita watu wa kabichi, utadhani hizo kabichi wanazokula zinaota sokoni. Kwetu ni juu, mbele ya Bule, mahali ambapo hata kiangazi unavaa sweta asubuhi. Na kiangazi ndicho kipindi chetu cha kuringa. Ulezi mpya ukishaingia ghalani, nyumba zote za mlima zinakutana kwenye bonde moja lenye majani mafupi, na katika bonde hilo kuna mawe yaliyopangwa kwa duara. Kila nyumba ina jiwe lake. Jiwe letu ni jekundu kidogo upande mmoja, nalijua hata nikifumba macho.

Ngoma zikinyamaza, mzee mmoja anasimama katikati na kuziita nyumba kwa majina ya wazee walioziweka. Anaita mara mbili. Wito wa kwanza haujibiwi, watu wote kimya, hata watoto wachanga wanazibwa vinywa kwa ziwa la mama. Wito wa pili ndipo mtu wa nyumba anaitika kwa sauti yote aliyopewa na Mungu: “Siye hapa!” Basi mnaingia kucheza. Nyumba isiyoitikiwa inasamehewa kiangazi kimoja. Kiangazi cha pili jiwe lake linageuzwa kifudifudi, shamba lake linapewa wengine, na jina lake haliitwi tena.

Utauliza, kwa nini wito wa kwanza haujibiwi? Subiri, utaona.

Vita vilipotufikia tulikimbia kutoka mlimani, tukashuka mpaka huku Bunia na nguo za mwilini tu. Katika kukimbia tulimpoteza mdogo wangu Faustin, aliyezoea kuniita Yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa mwanaume tayari, mwenye ndevu, alirudi nyuma kumbeba mama mmoja jirani yetu aliyekuwa anachechemea, Mama Vero. Hatukumwona tena. Mama Vero tulisikia baadaye kwamba alianguka njiani na kubaki huko huko, bila kaburi, bila mtu wa kumlilia. Juu ya Faustin hatukusikia kitu.

Hapa Shari tulikuwa tumebaki wawili, mimi na nyanya yangu, Koko. Wamama wa kanisani walikuja wakakaa na sisi, wakasema kwa upole kwamba wakati umefika wa kumfanyia Faustin matanga, tulie, tumalize, roho yake ipumzike. Koko alikuwa anawageuzia mgongo. Mimi nilikuwa karibu kukubali. Nilikuwa nimechoka kumngoja, nasema ukweli.

Halafu kiangazi cha pili kikaingia, na habari ikashuka kutoka juu kwamba mapigano yametulia kidogo na wazee wamekataa kuacha sikukuu. Sikia hiyo! Nyumba zimeungua, ng'ombe wamekwenda, na wazee wanasema mawe yataitwa. Niliposikia nililia kwa furaha, nikajivunia kuzaliwa kwa watu kama hao.

Koko akaniita kitandani.

“Enda uitike,” alisema. “Mimi miguu imekataa. Jiwe yetu ikigeuzwa, siye tutakuwa batu ya wapi?”

“Koko, njia iko mubaya.”

“Njia iko mubaya kila siku. Sauti yako iko muzuri. Enda.” Akanishika mkono. “Lakini usikie. Wito ya kwanza haiko yako. Ni ya bale balibaki njiani, balikufa bila matanga. Banatafuta nyumba ya kuingia. Ukiitika, umefungua mulango, nyumba inakuwa yao. Muzima anaita mara mbili.”

Nikaondoka. Nilipanda lori la chumvi na sabuni mpaka pale dereva alipokataa kuendelea, kisha miguu. Kwenye vizuizi vijana wenye bunduki waliniuliza ninakwenda wapi, nami nikajibu, “Matanga.” Wakanipisha. Watu wa vita hawaelewi sherehe, lakini kilio wanakielewa, nacho kila mtu alikuwa nacho.

Sokoni Bule nilimkuta mama muuza maharagwe aliyenijua tangu utoto. Alifurahi kuniona, akanipa kiazi cha kuchoma, kisha akaninong'oneza:

“Mwaka hii hakuna ngoma, unasikia? Ni makofi tu. Ngoma inafika mbali, batu ya bunduki batakuja.”

Nilimshukuru, nikapanda.

Katikati ya mlima ukungu ukashuka. Kama hujawahi kuuona ukungu wetu, usiniambie habari ya ukungu. Unanyoosha mkono, huoni vidole. Nilikuwa nashika njia kwa kuipapasa na miguu, mara nikasikia mtu anakohoa pembeni yangu, bega kwa bega. Mama mmoja, si mzee si kijana, kapu mgongoni na kamba yake imepita kwenye paji la uso, jinsi mama zetu wanavyobeba. Uso wake ulikuwa wa kwetu kabisa.

“Unaenda kwa sikukuu?” aliuliza.

“Ndiyo, mama. Natoka Bunia. Niko wa nyumba ya Ngabu.”

“Ngabu ya jiwe nyekundu. Twende pamoja.”

Niambie, wewe ungeogopa? Mtu anayelijua jiwe lenu? Mimi nilifurahi, nikaanza kupiga domo. Nilimweleza habari za Bunia, za Koko, za bei mbaya ya kila kitu. Yeye alikuwa anasema kidogo kidogo, na upepo ukachukua neno. Nikasema, “Pardon, mama?” Alinitazama tu akatabasamu. Tukaendelea. Akasema kitu kingine, sikukishika, nikamwomba arudie. Kimya, tabasamu lile lile. Nikajisemea, huyu naye ana maringo kuliko mimi, na hiyo si kazi ndogo.

Halafu nikasikia ngoma.

Ee Mungu wangu, ngoma zetu! Ile kubwa inayounguruma na ile ndogo inayoikimbiza. Machozi yalinitoka. Nilijua nimechelewa, wameshaanza, nikaanza kukimbia ndani ya ukungu huku nacheka peke yangu. Maneno ya muuza maharagwe yalikuwa yameniruka kichwani kabisa. Yule mama alikuwa pembeni yangu kila hatua, na alikuwa hahemi.

Ngoma zikanyamaza. Sauti ya mwanaume ikaita nyumba ya kwanza, mbele yetu, karibu sana. Kabla sijashusha pumzi, nyumba ikaitika: “Siye hapa!” Nikashangaa kidogo. Ikaitwa nyingine, ikaitika hapo hapo. Ikaitwa nyumba ya majirani zetu, na aliyeitika aliweka kicheko mwishoni, kicheko cha puani ambacho nilikisikia kila asubuhi ya utoto wangu kupita uzio wa migomba.

Mama Vero.

Nikasimama. Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka huu hakuna ngoma. Ndipo nikakumbuka pia kwamba kila nyumba ilikuwa imeitwa mara moja tu.

Na ile sauti ikaita: “Nyumba ya Ngabu!”

Kimya.

Yule mama akageuka, akanisogelea mpaka nikaona umande kwenye kope zake.

“Itika,” alisema. “Faustin iko pale. Anakungoja, anataka kucheza na yaya yake.”

Sikiliza, mimi sikuwa nimemtajia Faustin. Nilimweleza mambo mengi, lakini jina hilo nilikuwa silitoi mdomoni kwa mtu yeyote, lilikuwa linaniuma. Na alipolitaja, niamini, kila kitu ndani yangu kilitaka kuitika. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Unafikiri niliwaza jiwe? Unafikiri niliwaza shamba? Niliwaza mdogo wangu amesimama mahali baridi ananingoja, nami nimenyamaza.

Kilichoniokoa ni kiburi changu, nakiri bila aibu. Yule mama alikuwa amenidharau njia nzima kwa kukataa kurudia maneno yake, na hasira hiyo ilikuwa bado ninayo. Nikasema:

“Mama, sijasikia. Taja tena jina yake.”

Akanitazama.

“Rudia,” nikasema. “Nani iko ananingoja? Rudia tu, nitaitika.”

Midomo yake ilifunguka. Ikajaribu. Ilitetemeka, ikajipanga, ikajaribu tena, na hakuna kilichotoka, hata pumzi. Ndipo nikaelewa kwamba siyo maringo. Hakuweza. Neno alilokwisha kulisema halikuwa lake tena.

Nilivuta kitenge changu nikajiziba kinywa kwa mikono miwili, nikakaza. Sauti ile haikuita tena. Ilingoja. Mimi nami nikangoja, nikisubiri mdogo wangu aitike mwenyewe kutoka kwenye ukungu. Kwa maana kama alikufa, alikufa bila matanga, na kama alikufa bila matanga alikuwa pale pamoja na Mama Vero, na Faustin niliyemlea mimi asingeacha nyumba yetu ikose jibu hata siku moja. Angeitika kwa kelele mpaka mlima utikisike.

Hakuna aliyeitika.

Sauti ikapita, ikaita nyumba nyingine. Nikapiga magoti kwenye majani, kitenge bado kinywani, nikalia, na kilio kile kilikuwa cha shukrani. Kule nyumba yetu haikuwa na mtu!

Nilipoinua kichwa yule mama alikuwa bado amesimama. Sikuona ubaya usoni mwake. Alikuwa na uso wa mtu aliyebisha hodi mahali pengi na mvua inanyesha. Nilimwambia, “Mama, samahani. Kwetu kumejaa.” Alirekebisha kamba ya kapu kwenye paji, akaingia ndani ya ukungu. Ukungu ulipoinuka, majani yenye umande yalikuwa yamelala upande wangu tu. Upande wake yalikuwa yamesimama yote.

Kufika bondeni niliwakuta watu wetu. Walikuwa wachache, nguo zimechakaa, wanapiga makofi taratibu, ngoma hakuna. Sijaona sikukuu nzuri kuliko ile, na nimeona zile za ng'ombe wengi na pombe ya kumwaga. Mawe mengi yalikuwa yameshageuzwa. La kwetu lilikuwa limekaa sawa na wekundu wake. Mzee akasimama, akaita, “Nyumba ya Ngabu!” Nikanyamaza, na wote wakanyamaza, na sasa nilijua tunampisha nani. Akaita tena, “Nyumba ya Ngabu!”

“Siye hapa!”

Wanasema nilipiga kelele hadi wazee wakaogopa kwamba nitaleta wenye bunduki. Acha waseme. Nilicheza peke yangu kwa nyumba nzima.

Nilirudi Shari nikamweleza Koko kila neno. Hakushangaa. Wamama wa kanisani walipokuja tena kwa ajili ya matanga, nilisimama mlangoni nikawaambia hapa hakuna aliyekufa. Wengine walisema nimechanganyikiwa. Mmoja alisema ni kiburi cha watu wa mlimani, nami nikamjibu ndiyo, ni hicho hicho.

Tulingoja. Kiangazi kikaisha, mvua ikaja, mizinga ikapiga hata mjini, tukalala chini ya kitanda, tukaendelea kungoja. Kuna siku nilimshuku hata Koko na maneno yake. Nilijiuliza, na kama nilimnyima mdogo wangu nyumba?

Asubuhi moja nilikuwa nachambua maharagwe, Koko amelala. Nje ya mlango, sauti ikaita:

“Yaya!”

Ilikuwa sauti yake. Maharagwe yalimwagika. Koko alifungua macho, akainua kidole kunizuia, na mimi sikuhitaji kuzuiwa. Tulikaa pale, sisi wawili, tunautazama mlango. Hujui urefu wa kimya kile. Mungu akuepushe kuujua.

“Yaya! Batu ya hapa bamekufa?”

Koko ndiye aliyeitika. Miguu ilimkataa, lakini sauti alikuwa nayo bado. “Siye hapa!” alisema, na mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Faustin alikuwa amekonda, ana kovu shingoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kulalamika kwamba tumemwacha nje anaita. Mpaka leo analalamika.

Mimi sijapona kabisa. Hapa mtaani wananiona mwenye dharau, kwa sababu mtu akiniita mara moja sigeuki, hata awe chifu wa mtaa, hata awe padri. Watoto wamejua, wananiita mara mbili kwa utani. Na kila kiangazi, nikiwa bondeni, ule wito wa kwanza ukitoka, namfikiria Mama Vero na yule mama mwenye kapu. Tuliwafanyia matanga wote wawili, yule mwingine bila kulijua jina lake.

Na wewe, siku utakapopanda kwetu, utapokelewa vizuri, utakula ulezi, utacheza mpaka viatu vikatike. Lakini ukungu ukikukuta njiani, na sauti unayoipenda kuliko zote ikakuita, ziba kinywa chako ungoje. Aliye hai ataita tena.