Arobaini ya Rehema Small Heath

Safari hii sikuifanya kwa matembezi. Miaka ya sabini, katikati ya baridi kali, binti yangu Rehema, muuguzi huko Birmingham, alijifungua, na uzazi wake ulikuwa mgumu. Nikasema haiwezekani, mwanangu hawezi kukaa arobaini bila mtu wa kumkanda kwa maji ya moto. Nikafunga khanga na mdalasini, nikawaaga wenzangu Mombasa.

London, uwanja wa ndege, baridi ilinipokea masikioni. Mkwe wangu Athumani, aliyefanya kazi kiwanda cha magari Longbridge, akanivika koti lake, likanifika miguuni. Njia nzima theluji imelala mashambani, nami nacheka peke yangu. Weupe wote ule, bure!

Small Heath, mtaa wao huko Birmingham, tulifika jioni. Rehema kajikunyata kitandani, hana hata nguvu ya kuongea. Mtoto, mashallah, analia kama muuza samaki. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani. Jikoni mlikuwa na jiko la gesi la mioto minne, na kwetu moto wa mzazi hauzimwi. Nikawasha yote minne, nikateleka masufuria, nikaiacha iwake kutwa kucha.

Siku ya tatu, asubuhi, barafu iliganda mpaka ndani ya vioo vya madirisha. Moto nao ukanywea, ukawa mdogo kama wa kibatari, na maji hayakupata hata uvuguvugu. Mara hodi! Fundi wa gesi, mzee mwenye pua nyekundu, anakagua nyumba za mtaa, kaja na jirani yetu Bi Surinder, mzaliwa wa Nakuru. Fundi akaunganisha kwenye bomba la gesi mrija wa kioo wenye maji. Gesi ikiwa na nguvu, maji yale hupanda. Yalipanda kidogo tu, naye akatikisa kichwa.

"Anasema kwa baridi hii mtaa mzima umewasha kila kitu, na nyinyi mko mwisho wa bomba," Bi Surinder akanifasiria. "Moto ukizimika wenyewe, gesi itajaa nyumbani. Lazima akufungie."

"Anifungie! Mwambie nina mzazi humu, hajakandwa leo!"

"Sasa Bi Mwanaidi, mioto minne ya nini?"

Lo, niliona haya! Kumbe na mimi nilikuwa nawanyima wenzangu. Nikazima mitatu. Maji yakasogea kidogo.

"Bado," akafasiri.

Bi Surinder akajitanda shali, akatoka. Nikamwona dirishani akibisha mlango baada ya mlango, theluji imemfika vifundoni. Mimi na fundi tukaukodolea macho mrija. Maji yakapanda unywele. Nyumba moja imezima! Yakapanda tena. Fundi akahesabu kwa vidole, nami nikamhesabia kwa Kiswahili, "Tatu! Nne!" mpaka tukashikana mikono tukicheka. Moto ukapata nguvu.

Bi Surinder alirudi akihema. "Kila siku, saa nne mpaka saa tano, watazima gesi zao; mtaa umekupa saa yako. Na wanauliza, mtoto anaitwa nani?"

Nikapiga kigelegele. Siku ile nilimkanda Rehema mpaka akapiga kelele, "Mama, utaniunguza!" Nilifurahi mno, maana sasa ana nguvu ya kunigombeza.

Siku ya arobaini na moja, saa nne asubuhi, nilitoka na mahamri kuwashukuru majirani. Nyumba ya tatu nikamkuta babu mmoja, mkongwe hasa, amekaa peke yake na koti, kofia na glavu, mbele ya moto uliozimwa. Kumbe hakuambiwa kwamba arobaini imekwisha. Nilipoinama kumwashia, akanizuia, akanionyesha saa ya ukutani. Bado saa yangu haijaisha. Nikalia pale pale, mahamri mkononi, kisha nikamwashia kwa nguvu.

Sasa nimerudi Mombasa. Nilikwenda nikidhani mzazi hukandwa na mamake. Wenzangu wakiniuliza nani alimkanda Rehema, nawaambia ni mtaa mzima, na wengine walimkanda wakiwa wameketi majumbani mwao, wanatetemeka.