Gari la Buluu Lililokosa Mnunuzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Fundi Jagdev, mwenye karakana, aliniwekea mbele kiti cha gari la Kimarekani, akanivutia kigoda na kuniambia nikitazame hadi wakati wa chai. Nilikuwa nimeshashona makochi Tanga na tena hapa London, nikajiona ninadharauliwa. Chai ilipoiva akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu kwamba ukingo wa kushoto umelegea kuliko wa kulia, kwa hiyo mwenye gari lazima alikuwa mtu mzito, na kila aliposhuka aliuburuta mwili wake juu ya ukingo ule. Fundi akasema kwa Kiswahili chake cha Nakuru, "Kesho ukuje na aproni yako."

Karakana ilikuwa Queensbury, katika safu ya mabanda ya matofali nyuma ya nyumba za watu. Jirani zetu walikuwa fundi wa madirisha na mtengeneza chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, na hewa yetu ilichanganya petroli na bizari.

Vijana huniuliza magari ya misuli ni kitu gani. Wamarekani walichukua gari la kawaida la milango miwili, la kumfaa karani au mwalimu, wakalitia injini kubwa kupita kiasi: silinda nane, nne huku na nne huku, zimeinamiana kama herufi V. Likiwashwa, vikombe hutetemeka mezani. Breki zake hazikulingana na nguvu zake, na usukani uko kushoto, hivyo katika barabara za Uingereza dereva akitaka kulipita lori humwomba abiria achungulie kwanza. Hayakuwa magari ya busara, na ndiyo sababu yalipendwa.

Mimi nilikuwa fundi wa ndani. Viti, kapeti, dari ya kitambaa na mbao za milango vilikuwa vyangu. Wateja wengi walidhani viti vile ni vya ngozi, kumbe vingi vilitoka kiwandani na reksini, ngozi ya bandia. Reksini huvutwa juu ya sponji na springi, kisha hubanwa kwenye fremu kwa pete ndogo za chuma, kwa koleo lenye mdomo wa mfereji. Ukivuta mno mshono unapinda, ukilegeza kiti kinakunjamana kama kitanda kisichotandikwa. Fundi alinifundisha kuipasha reksini kwa mvuke kabla ya kuivuta, na kuiacha ipoe yenyewe bila kuipepea. Nilipoonekana kuharakisha alikuja akasimama nyuma yangu, na hapo mkono wangu ulipunguza mwendo wenyewe.

Wateja wa mwanzo walikuwa wanaume wa makamo waliowahi kuyaona magari haya kwenye picha zamani, wakayatamani, wakaoa, wakalea, na sasa watoto wamehama nyumbani. Walitaka kila kitu king'ae. Tukavua, tukapaka, tukashona upya, na mtu mzima wa mvi alipokuja kulichukua gari lake alikuwa akilizunguka mara mbili tatu kabla ya kuthubutu kufungua mlango. Mmoja alikaa ndani akalia. Fundi alinivuta kando, tukaenda kuhesabu misumari ambayo haikuhitaji kuhesabiwa.

Baadaye ladha ikageuka. Wakusanyaji wakaanza kutafuta gari ambalo halijaguswa: rangi ya kiwandani hata kama imefifia, kiti cha kwanza hata kama kimepasuka. Wakasema gari huweza kupakwa upya mara nyingi, lakini huwa la asili mara moja tu. Kwangu ilikuwa kazi mpya kabisa. Nikajifunza kuziba mpasuko kwa kiraka cha ndani, na kutafuta uzi uliokwisha kupauka ufanane na ule wa zamani. Fundi alinung'unika kwamba sasa tunalipwa ili ionekane hatukufanya kitu.

Kazi zilipopungua nilihamia nyumba moja ya mnada upande wa pili wa jiji, nikawa msaidizi wa ukaguzi. Nilikuwa naingia ndani ya kila gari, nagusa, nanusa unyevu, kisha naeleza kipi cha asili na kipi kimebadilishwa. Mkuu wa Mauzo pale alikuwa mama mmoja mtulivu asiyependa kupamba maneno. Kwa miaka yangu ya mwanzo alikuwa akiuza magari ya misuli kama maandazi ya moto. Kisha ukumbi ukaanza kupoa. Yale adimu yenye injini kubwa kabisa bado yaligombewa, lakini ya kawaida yalipita mbele ya watu na hakuna aliyeinua mkono. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia mtu hununua gari alilolitamani akiwa hajaota ndevu. Waliotamani haya sasa wanaumwa magoti na mgongo, au wametangulia. Wanaokuja wana fedha, lakini wao walitamani magari ya Kijapani.

Nilikuwa nikiwapokea wajane pia. Walileta magari ya waume zao yakiwa yamefunikwa mashuka, wakashangaa kwamba kitu kilichopendwa hivyo hakina wa kukigombea. Nikawaandalia chai.

Kisha siku moja aliyeleta gari akawa Fundi Jagdev mwenyewe.

Gari lake lilikuwa la buluu, lenye injini ya kawaida. Alilinunua likiwa mkangafu, akalitengeneza kwa miaka kila Jumapili, na viti vyake nilivishona mimi. Mkewe, Surinder, alikuwa akikaa humo na sufu zake akifuma huku mume akigonga chuma. Surinder alikuwa amefariki. Goti la Fundi lilikuwa limeharibika, hawezi tena kukanyaga klachi nzito ile. Na safu nzima ya mabanda ilikuwa ibomolewe, yajengwe maghorofa. Binti yake, Kiran, aliyekuwa akiishi Kenton na mumewe, alisema gereji yao imejaa. Gari halikuwa na pa kwenda.

Siku ya mnada Fundi alivaa suti na kilemba cheupe, akakaa safu ya mbele. Gari likaletwa. Mnadi akaitaja bei ya kuanzia, akasubiri, akaishusha, akasubiri tena. Nilisikia mtu akikunja karatasi. Mnadi akashukuru, likasukumwa nje, likaja jingine. Fundi hakugeuza shingo. Nilipomfuata alikuwa amesimama kando ya gari, kiganja juu ya boneti, kama unavyompima mtoto homa.

"Hawakulitazama, Mama Salma," akaniambia. "Wangelitazama wakalikataa, ningeelewa."

Akajitokeza mtu mmoja tu. Alitaka injini aiweke kwenye gari jingine, bodi aiuze vipande vipande. Fundi aliomba siku za kufikiri, na mwisho akakubali. Wakapatana aje Jumatatu.

Katika mabanda yale kulikuwa na mfanyakazi wa usafi, Byamungu, mtu wa Bukavu aliyekaa Lewisham. Kila asubuhi alikuwa akimsalimu Fundi kwa mikono miwili. Siku nilipokwenda kumsaidia Fundi kufungasha vyombo vyake, Byamungu aliegemeza ufagio ukutani, akavua kofia.

"Papa, binti yangu anaolewa Siku ya Posho," akasema, yaani Jumamosi. "Minaomba hii mutuka imubebe mpaka ku kanisa."

Fundi akamwambia hilo si teksi.

"Najua, Papa. Kama ningetaka teksi, ningeita teksi."

Fundi alirudi kufunga nyundo zake kwenye magazeti. Alifunga tatu, ya nne akaiacha mezani. Akaniomba nimpigie simu Kiran, kwa sababu Kiran peke yake ndiye aliyefundishwa kuliendesha gari lile, alipokuwa msichana, kabla hajachoka na Jumapili za karakana.

Kiran alikuja akiwa amekunja uso. Alikuwa akikielewa Kiswahili cha babake chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alisema ataendesha mara moja, kwa ajili ya bibi harusi, basi. Jumamosi Fundi akakaa kulia kwake, kazi yake kuchungulia. Bibi harusi, Furaha, alikuwa amevalishwa kwa shangazi yake aliyeishi jirani na mabanda, na wote wawili wakakaa nyuma. Mimi nilifuata na gari la vifaa, kwa kuwa magari yale ni kama wazee: husafiri na dawa zake.

Tulivuka jiji lote kutoka kaskazini hadi kusini. Kabla ya kufika Lewisham tukakwama kwenye foleni, na nikaona mvuke ukitoka mbele. Fundi hakushtuka. Alimwambia Kiran afungue hita yote, kwa sababu hita hulivuta joto la injini na kulileta ndani. Ilikuwa siku ya jua kali. Madirisha yote yakashushwa, na kupitia kioo changu nikamwona shangazi akimpepea Furaha kwa kadi ya mwaliko, Kiran akijifuta jasho kwa mkono, na mabega ya wote wanne yakitikisika kwa kicheko. Mvuke ukakoma. Tukaenda.

Waumini walilisikia gari kabla ya kuliona, wakatoka nje ya kanisa kwa vigelegele. Furaha aliposhuka, vijana walilizunguka gari. Hawakujua jina lake wala mwaka wake, na hakuna aliyeuliza kama injini ni ile ya kiwandani. Walitaka kujua mlio ule unatoka wapi. Fundi akafungua boneti. Goti lile baya likasahauliwa, akainama akawaonyesha kabureta inavyochanganya hewa na mafuta, akaeleza kwa Kiswahili, na wale waliozaliwa hapa wakauliza kwa Kiingereza. Kiran alisimama mbali kidogo, viatu mkononi, akimtazama babake. Sijui alikuwa akimwona nani. Baada ya muda alinikaribia akaniuliza kwa Kiingereza kama gereji ikiondolewa baiskeli na kitanda cha mtoto, gari litaingia. Nikamwambia litaingia. Ndipo akaenda kumwambia babake, bila kupaza sauti, ampigie yule mtu wa injini asije Jumatatu.

Fundi aliifunga boneti polepole kwa mikono miwili, kisha akamwomba ampe mkono, kwa sababu goti lilikuwa limemkumbuka.

Tangu hapo gari la buluu limebeba mabibi harusi wa Lewisham, wa Kenton na wa Queensbury, Wakristo, Wahindu, Waislamu na Masingasinga. Sheria ya jiji ya kutoza magari yanayochafua hewa hailigusi, kwa ajili ya umri wake. Mabanda yamekwisha kubomolewa.

Mimi nimestaafu sasa. Vidole vyangu havifungi vizuri asubuhi, na koleo nimempa Kiran, anayejifunza. Wengi huniuliza kama magari haya yatapanda bei tena. Sijui. Nimeyaona yakipaa na nimeyaona yakisukumwa nje ya ukumbi, na bati lilikuwa lile lile.

Wiki niliyoacha kazi, Kiran alinijia nyumbani na gari, Fundi akiwa pembeni yake. Ndipo nikang'amua kwamba katika maisha yangu yote ya kushona viti vile, sikuwahi kuendeshwa nikiwa juu ya hata kimoja. Nikapanda nyuma kwa heshima zote, mkoba magotini. Tukakata kona ya kwanza, reksini ikaniachia, nikateleza kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

"Shika mlango, Mama Salma," akasema Fundi bila kugeuka. "Mabibi harusi wote wanalalamika."

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

Akasema mshono ulikuwa mzuri mno.