Wimbo wa Kujaribia Programu

Jirani yangu wa hapa Mugutha amegeuza chumba cha kulala kuwa studio, godoro limesimamishwa ukutani. Kila programu ya kurekodi anayofikiria kuchukua huijaribu kwa wimbo uleule: rekodi ya marehemu mama yake akiimba huku akichambua njahi, yale maharagwe meusi, punje zikidondoka kwenye sufuria. Hufumba macho, kidole kikigonga goti.

Jana aliniita nisikie programu ambayo vijana wa Ruiru wanaisifu, ile inayoondoa kelele yenyewe. Sauti ya mama ilitoka safi, kama ya redioni.

"Chukua hii," nikamwambia.

Kidole chake kilikuwa kimetulia. "Na njahi zimeenda wapi?" akauliza.

Akafungua ile yake ya zamani, inayokwamakwama. Njahi zikaanza kudondoka tena, na kidole kikarudi gotini.