Shuka la Mistari na Lenzi ya Nyuso

Redio ndiye aliyeanza kusema kwamba dobi anapiga picha nguo zetu.

Redio si jina lake, ila katika ua wetu hakuna anayekumbuka la kweli, maana habari ikiingia kwake asubuhi, kufika saa ya kubandika chungu cha mchana hata kuku wanaijua. Siku hiyo alinikuta bombani nafua nepi, akachuchumaa kando yangu na kuninong'oneza kwa ile sauti yake ya chini inayofika hadi chumba cha mwisho. Amemwona kwa macho yake mawili, alisema, Jumapili mchana watu wamejipumzisha: dobi kasimama katikati ya kamba za nguo, kamera usoni, kaielekeza kwenye shuka langu. Tena si mara moja. Tena kamera yenyewe haitoi hata mlio.

“Anayebisha hodi ni mgeni, Mama Bosi,” alisema. “Anayeingia kimya kimya tumwiteje?”

Bosi ni binti yangu. Jina hilo alipewa na baba yake wiki ile aliyozaliwa, kwa sababu akikohoa tu wote tunasimama.

Dobi nilikuwa namjua vile unavyomjua mtu unayepita mlangoni kwake kila siku, kwa salamu na kwa harufu ya nguo iliyotoka kwenye pasi. Chumba chake ni cha kona, mlango mmoja unatazama barabara, mwingine unatazama ua. Wa barabarani ndio wa kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi na kitambaa cheupe kilichoungua kidogo upande mmoja, pasi nzito, chupa ya kunyunyizia maji, na mashati ya watu yamening'inia juu kama wanafunzi mstarini. Huanza na kola, akaja mabegani, akaja mikononi, kifua mwisho. Akifika kwenye kola ncha ya ulimi humtoka pembeni mwa mdomo, mtu mzima mwenye mvi, kama mtoto anayejifunza kuandika. Anaishi peke yake. Na mwanamume anayeishi peke yake kwenye ua uliojaa wanawake, maneno yakianza hana wa kumsemea.

Kufikia jioni maneno yalikuwa yameshavaa viatu. Sasa dobi alikuwa anakusanya picha za nguo za ndani. Mwenye nyumba, mama mnene asiyependa aibu ikae kwake, aliitisha kikao na kusema kama ni kweli, mzee atafute pa kwenda. Na chumba kile cha kona ndiyo riziki ya mzee. Wateja walikuwa wanamfuata pale tangu mimi sijaolewa.

Dobi alitoka na kamera mikononi, kaikumbatia kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa watu. Hakujitetea. Alisema tu kwamba anayetaka kutazama atazame, ila anawe mikono kwanza. Watu wakacheka. Yeye akasubiri, na kweli mwenye nyumba akaenda bombani akanawa kwa sabuni.

Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kulikuwa na shuka langu jeupe lenye mistari ya bluu. Akabonyeza: shuka. Akabonyeza tena: shuka, kwa karibu. Shuka kivulini, shuka juani, shuka limetulia siku isiyo na upepo. Mwenye nyumba alitafuta dhambi mpaka akachoka.

“Baba,” alimwuliza, “shuka la watu unalitafutia nini?”

Ndipo akaeleza, mwanzoni kwa haya, kisha kama mtu aliyekuwa akisubiri miaka aulizwe. Mistari yangu ni myembamba na imenyooka, alisema, kwa hiyo inamwambia lenzi ina tabia gani. Katikati ya picha kila lenzi inasema kweli. Ukitaka kuijua vizuri nenda kwenye pembe. Huko ndiko nyingine hulegea, mistari ikapinda, nyuzi zikageuka moshi. Mashuka ya wenzangu ni ya maua, na ua halikuambii kitu.

Akaikuza picha kwenye pembe ya chini. Akaikuza tena. Mistari ikawa barabara, barabara zikawa kamba, na pale kwenye kamba nikaona mshono wangu mwenyewe, ule niliotia siku pini ya nepi ya Bosi ilipolichana shuka, nimekaa kizingitini, yeye kalala mapajani. Uzi wa bluu ulikuwa umeniishia nikamalizia kwa mweupe. Niliuona unavyoingia na kutoka, nikaona hadi pale mkono wangu uliposita kwa sababu mtoto aligeuka. Jambo nililofanya peke yangu, ambalo hata mume wangu hakuligundua, kumbe lilikuwa limeonwa.

Kikao kikaanza kulegea. Ni Redio tu hakuridhika.

“Sasa mzee, mitambo yote hii, miaka yote hii, hujawahi kupiga mtu?”

Dobi aliutazama mkanda wa kamera. Alisema nyuso zina lenzi yake, ya milimita themanini na tano, na yeye bado hajaipata. Akiipata, wa kwanza atakuwa mama yake mzazi. Amemwahidi.

Mwenye nyumba akahukumu: abaki, ila asisimame kwenye kamba za nguo na kamera bila mwanamke wa ua huu kuwepo. Wote wakanigeukia, kwa kuwa shuka ni langu. Hivyo ndivyo nilivyowekwa kulinda shuka lisipigwe picha kwa siri. Mume wangu, ambaye yuko zamu ya usiku kiwandani na mchana analala kama gogo, alisema hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya serikali kuingia kwenye nyumba yetu.

Jumapili zikawa hivyo. Mimi naanika shuka, Bosi nampakata, dobi anafungua ndoo yake. Lenzi zake hukaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, kwa sababu mvuke wa pasi huotesha ukungu ndani ya vioo. Chini ya ndoo huweka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Muuza viatu wa barabarani humwekea, akidhani anavitumia kama dawa ya panya.

Alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na mimi nilipenda kumsikiliza. Kamera za zamani, alisema, zilikuwa na kioo cha kujitazamia ndani yake, na kila ukipiga kinaruka juu na kurudi, kama mtu asiyejua kufunga mlango taratibu. Hizi mpya hazina. Mwanga unaingia moja kwa moja, na unachokiona kwenye tundu la kuchungulia ndiyo picha yenyewe, unaiona kabla hujaipiga. Aliposema hivyo alishusha sauti. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, aliendelea, ni mpangaji: anakuja, anazeeka, anahama. Lenzi ndiyo mwenye nyumba. Kwa hiyo bodi yake ilikuwa ya mitumba, imechubuka kwenye kona, wala haikumsumbua. Na kwa kuwa bodi hizi ni nyembamba, unaweza kuzivisha pete ya chuma ukazifunga lenzi za zamani kuliko sisi. Yeye alikuwa nayo moja, ya hamsini, ndogo kama kikombe cha kahawa, unaizungusha kwa mkono, na ukungu umeota ukingoni kama utando wa buibui. Hiyo aliidharau kidogo. Pembe zake, alisema, ni za kulia.

Siku moja nilinawa mikono, akanipa nichungulie.

Nilidhani nitaona ua wetu. Niliona ua, lakini ulikuwa mdogo na safi, umetulia, kama vile kuna mtu aliyeufagia na kuuogesha. Akaniambia nizungushe pete ya lenzi taratibu. Vimulimuli vyekundu vikatokea kwenye mistari ya shuka, vikatembea, vikahamia kwenye bomba, kwenye ukuta, kama siafu wanaohama. Palipo na wekundu, alisema, ndipo lenzi inapotazama. Nikageuka kwa Bosi, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, nikazungusha. Wekundu ukapanda shavuni, ukafika kwenye kope zake, kope moja moja, nikasahau kuvuta pumzi. Nimemzaa mimi, namwogesha mimi, nalala naye pua kwa pua. Sikuwahi kujua kwamba kope zake za chini zimelaliana mbilimbili, kama watu walioshikana mikono.

“Nimpige?” niliuliza.

“Bado,” alisema. “Hiyo lenzi si ya uso.”

Nikamrudishia.

Kisha mama yake akaja. Dada yake dobi, anayeishi na mama huyo, alimleta kwa ajili ya kliniki ya miguu, wakae wiki moja kwa dobi na Jumapili warudi. Bibi mwembamba, nadhifu, kafunga kitambaa kichwani kwa mikunjo iliyolingana. Nilimtazama nikajua dobi kajifunza wapi. Lakini kumbukumbu zilikuwa zinamtoka moja moja. Aliwekewa kiti kando ya meza ya pasi, na mwanawe akawa anapiga pasi mbele yake, naye akamwambia kwa adabu kabisa, “Baba dobi, kola ya mwanangu iangalie. Ni mtu wa ofisi.”

“Sawa, mama,” dobi akajibu, akaanza na kola. Nilikuwa nimepeleka gauni la Bosi. Ilibidi nigeuke nitazame barabara.

Dada mtu alinisimulia tukiwa bombani. Mwaka jana bibi alikuwa bado anamjua mwanawe vizuri. Kila dobi akienda kuwaona alisema lenzi bado, subirini lenzi. Mpaka leo hana picha hata moja ya mama yake. Na safari nyingine, alisema dada, sidhani kama miguu itamruhusu, wala sijui kichwani mwake atakuwa amebaki nani.

Lenzi ya themanini na tano ilifika wiki hiyo hiyo, kutoka kwa jamaa yake wa kamera za mitumba. Aliniita niione. Ilikuwa nene kama gilasi ya maji, na kioo chake cha mbele kilikuwa na rangi ya zambarau inayoteleza, kama mafuta juu ya dimbwi. Sote wawili tulishusha sauti.

Jumamosi jua lilitoka zuri. Nilitegemea kuona kiti cha bibi uani. Dobi akaniomba shuka.

Nilianika. Akapiga katikati, akapiga pembe, akafungua tundu la lenzi zaidi, akapiga tena. Kila mara alikuza, akatikisa kichwa kwa mshangao. Bibi alikuwa kakaa kizingitini akitutazama, macho yamechangamka. Jua likamwacha polepole, kwanza miguu, kisha mapaja.

“Mzee,” nilisema, “bibi yuko macho sasa hivi.”

“Kidogo tu. Nimalizie pembe ya kushoto.”

Alipomaliza, bibi alikuwa amesinzia.

Jumapili mabegi yalikuwa mlangoni. Kiti kikawekwa uani, na dobi akapiga goti mbele yake na ile lenzi ya nyuso. Bibi aliliona lile jicho jeusi linamjia, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Akamwuliza binti yake huyu mwanamume anataka nini. Dobi akarudi nyuma, akajaribu tena kwa mbali, bibi akaanza kulia, kilio kidogo kisicho na sauti. Redio, aliyekuwa mlangoni kwake, aliingia ndani akarudishia mlango.

Dobi aliingia ndani, akatoka na ile ndogo ya zamani, ya ukungu. Akaifunga kwenye kamera. Mimi nilikuwa namlisha Bosi uji. Sijui nani aliniambia, ila nilinyanyuka nikamweka mapajani mwa bibi. Bosi akamshika pua. Bibi akacheka. Uso ule wote ukafunguka, nikaelewa kwa nini mtu anaweza kuuogopa miaka yote, asitake kuukosea.

Dobi alikuwa amechuchumaa, kamera jichoni, anazungusha pete. Kisha akaishusha kidogo apanguse jicho, na ncha ya ulimi ilikuwa imemtoka pembeni mwa mdomo. Bibi akamtazama juu ya kichwa cha Bosi. Akamtazama sana.

“Kibuyu,” alisema, “umekula?”

Dada mtu akaziba mdomo. Ndilo jina walilomwitia utotoni.

“Nimekula, mama.”

“Uongo. Njoo ukae hapa.”

Hakupiga. Alisimama, akaja kwangu na kamera kainyosha mbele. Mikono yangu ilikuwa na uji mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia ngoja ninawe, nikageukia bomba.

“Usinawe,” alisema, akanivisha mkanda shingoni mwenyewe. Akaenda akaketi chini kando ya kiti, kichwa karibu na goti la mama yake, na mkono wa mama ukatua juu ya mvi zake kama uliokuwa unapajua. “Zungusha mpaka wekundu ufike machoni mwake. Pembe achana nazo. Tupige, Mama Bosi, kabla hajaniuliza mimi ni nani.”