Hatua za Baba Baada ya Maziko

Baba yangu tulimzika Jumamosi, baada ya Adhuhuri.

Jumatano simu yangu ikalia, ikanijulisha kuwa ametembea hatua elfu sita.

Sisemi uongo, wallahi. Nilikuwa kazini Kiembeni, kwenye duka la dawa, namhesabia mteja vidonge. Vilinimwagika kaunta nzima.

Niwaelezeni kwanza. Baba, Mzee Mwidani, alikuwa na kisukari na daktari alimwambia atembee. Mzee mwenyewe mbishi. Akisema miguu yake ameichosha bandarini miaka thelathini, sasa ni zamu yake kukaa.

Mwaka jana nikamnunulia simu nzuri, nikamwekea programu ya kuhesabu hatua, nikaiunganisha na yangu. Yeye akitembea Mtongwe, ng'ambo ya feri, mimi naona Kiembeni. Akifikisha elfu sita, simu zetu zote mbili hulia na kumpongeza kwa jina.

Nami humtumia sauti: "Hongera baba, leo umenifurahisha."

Asipofikisha humtumia sauti pia. Hiyo haikuwa tamu.

Miezi miwili ya mwanzo alijikongoja. Elfu mbili, elfu tatu. Nilimgombeza kama mtoto mdogo, nasema ukweli.

Mwezi wa tatu akabadilika ghafla. Elfu nane. Elfu kumi. Kuna juma mifereji ilikauka Mtongwe nzima, watu wanahangaika na madumu, baba akapiga elfu kumi na tisa! Niliwaonyesha wateja. Mzee wa miaka sabini na moja huyo, na nyinyi vijana mwataka dawa za mgongo.

Basi nikaacha kwenda Mtongwe kwake na mama. Ya nini kupanga foleni ya feri, na mtu namwona kila siku mkononi?

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Idi. Alikaa kitini barazani, kikoi kimemfunika mpaka vidole vya miguu, akaniaga bila kuinuka. Nikamtania kuwa kutembea kumemchosha. Akacheka.

Kisha nikapigiwa simu kuwa amezidiwa. Nilipovuka, nilikuta kilio.

Walimwosha wanaume, na kwetu waosha maiti hawasemi walichokiona. Mama aliniambia ni sukari tu. Simu ya marehemu haikuonekana, lakini nani atatafuta simu msibani? Jumanne nikarudi Kiembeni.

Ndiyo Jumatano ile, hatua elfu sita.

Nikapiga namba yake. Ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia mama, ambaye yuko eda, hatoki nje. Nikamweleza.

"Enda kwa Ruwa wa maji," akasema. "Lakini umsikize, mwanangu."

Mimi nilisikia jina tu. Ruwa ni yule msukuma mkokoteni anayeuza maji mtaani, kila siku alikuwa akipumzika barazani kwa baba. Sikulala. Nilikuwa nachemka. Mtu unywe chai yake, kisha umwibie maiti?

Alhamisi asubuhi nilimkuta kwenye mfereji anajaza madumu, foleni imejaa watu. Sikusalimu. Nilimwita mwizi mbele ya wote, nikamwita na mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Wanawake walishika midomo.

Ruwa alifunga maji kwanza, akajifuta mikono, akatoa mfukoni simu ya baba, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni isilowe.

"Umemaliza, dada?"

Nikaipokea simu.

"Mzee aliniambia likimfika la kumfika, simu nikupe wewe mkononi. Msibani ulikuwa ndani na wanawake. Nikaambiwa umeondoka. Mamako yuko eda, mimi si maharimu wake, nitamwendeaje? Siku tatu za matanga sikufanya kazi. Jana nimerudi kusukuma maji, na amana siiachi nyumbani. Ulipopiga niliisikia, lakini simu ya marehemu sikuthubutu kuipokea."

"Na kabla ya hapo?" nikauliza. Lakini nilikuwa nimeshaukumbuka ukame wa mifereji na zile elfu kumi na tisa.

Akanivuta kando, watu wasisikie.

"Mzee hakutembea tangu mwezi wa tatu wa simu hii, dada. Mguu ulikuwa umeoza. Kila asubuhi akinipa simu nizunguke nayo, na Magharibi namrudishia."

Kidonda kilianza kwa lengelenge, akaniambia. Ilikuwa miezi ile niliyokuwa nikimgombeza. Baba alizunguka na makubadhi mapya mpaka uwanja wa mpira, mara mbili, mara tatu, aifikishe elfu sita yangu. Wenye sukari miguu yao hufa ganzi. Akirudi kubadhi limelowa damu na hana habari.

Nauza dawa. Nayajua hayo yote. Huwaambia wateja kila siku wakague nyayo zao.

"Mbona hakuniambia?"

"Aliogopa utajilaumu. Alimwapisha mamako pia." Ruwa akainama, akashika mkokoteni wake. "Na ile sauti yako aliipenda sana. Akiisikiliza mara tatu, mara nne. Kisha ananiambia, Ruwa, leo tumemfurahisha Jalila."

Nililia palepale, mbele ya madumu. Kisha nikamwomba radhi kwa sauti ile ile niliyomtukania, wasikie wote waliosikia. Alisema yamepita. Mimi kwangu hayajapita.

Nikashika njia ya nyumbani kwa mama, simu ya baba mkononi. Pale mlangoni ikalia, na yangu ikaitikia mkobani.

Hongera, Mwidani. Umefikisha hatua elfu sita.

Zilikuwa hatua za Ruwa za asubuhi, na zangu za mwisho. Nilimwonyesha mama. Tukakaa chini tukalia wote wawili.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Baba aliyaficha, lakini hakuyaficha peke yake. Mimi nilimsaidia, kwa kutazama namba na kutomtazama yeye.

Wewe unayesoma hapa na mzazi wako yuko ng'ambo ya pili, usimuulize ametembea hatua ngapi. Vuka, ukae naye, umwambie afunue kikoi uione miguu.