Kiwanja cha Biasha Kule Mlimani

Mtu wa Mwaloni akikaa nawe tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kukwambia kwamba mtaa wake ndio mji wa Rumonge wenyewe, mguse paji la uso, huenda ana homa. Na kweli wana vya kujivunia. Maji wanayateka hatua chache kutoka jikoni, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wananunua zikiwa bado zinaruka, na mitumbwi ya Ujiji na Uvira inavutwa mchangani mbele ya milango yao. Sibishi. Lakini mimi ni mtu wa Mlimani, na Mswahili wa kwanza kujenga kule alikuwa bibi yangu mzaa mama, Biasha. Kwa hiyo kwenye suala la mtaa upi ni bora, naomba nisikilizwe mimi.

Zilikuwa zama za Wadachi, Wajerumani wale, boma lao likiwa Usumbura, askari wao wakipita pwani yetu kuamrisha watu wafyeke vichaka kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Biasha alikuwa ameletwa kutoka Manyema zamani kabla yao, akiwa mtoto mdogo, akavushwa Ziwa Tanganyika, akatiwa nyumbani kwa Bwana Athumani, mfanyabiashara wa mafuta na chumvi aliyekuwa na nyumba kubwa kuliko zote Mwaloni. Hakuuzwa sokoni, alitolewa zawadi. Alikuwa akisema kwamba kwa upande wa anayetolewa hakuna tofauti.

Alijikomboa mwenyewe, kwa mawese. Alichuma chikichi upande wa Kizuka, akachemsha, akatwanga, akakamua, na mtungi juu ya mtungi akamlipa Athumani mpaka Athumani akasema mbele ya mashahidi kwamba huyu sasa ni mtu huru. Ninapotaja jambo hili kifua changu hupanuka, na sioni haya. Wako watu hapa mjini ambao babu zao walirithi kila kitu, na bado hawana cha kusimulia.

Mumewe, babu yangu, alikuwa mpagazi. Alikwenda Uvinza na msafara wa chumvi, homa ikamzuia huko asirudi tena. Akabaki Biasha na binti mmoja, Chausiku, ambaye ndiye mama yangu. Walikuwa bado wanalala kibanda cha uani kwa Athumani, kwa sababu uhuru walikuwa nao ila paa hawakuwa nalo.

Kisha Chausiku akaposwa na Hamissi, mvuvi wa Gatete, kijana mtulivu. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu bibi harusi hutolewa mlangoni, na mwenye mlango ndiye anayeketi kupokea mahari, ndiye anayetajwa. Chausiku akitoka uani kwa Athumani, atakuwa ametoka mlango wa Athumani. Ataitwa mtu wa Athumani, na watoto wake wataitwa hivyo hivyo, nikiwamo mimi ninayesema nawe. Mawese yote yale yangekuwa yamemwagwa mchangani.

Wazee wa Gatete walikuja kuuliza, kwa adabu kabisa.

"Mama Chausiku, siku ile tukuje mulango gani?"

"Mungojee maharagwe yavunwe," Biasha akawajibu. "Nitawaonyesha mulango."

Hakuwa nao. Alikuwa na msimu mmoja wa maharagwe kuupata.

Bwana Athumani aliposikia alimwita. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomponza bibi yangu. Akamwonyesha sehemu tupu ubavuni mwa ukuta wake, mahali pazuri, kivuli asubuhi, kisima hapo hapo. "Jenga hapa, Biasha. Sitaki kitu kwako. Weye iko mutu wa nyumba."

Biasha akafurahi. Usimcheke, walioachwa huru karibu wote walifanya hivyo. Waliachiwa, kisha wakajenga kwenye kivuli cha ukuta ule ule, kwa sababu kulikuwa bure na kwa sababu ndiko walikozoea harufu ya jikoni. Akabeba miti ya kujengea, akaisimamisha, akaezeka kipande kidogo apate kulala yeye na binti yake. Asubuhi ya kwanza akachukua kigae chenye majivu, akaenda kwa jirani kuomba moto. Mgeni mtaani hawashi moto wake mwenyewe siku ya kwanza. Anaomba kaa kwa jirani, na jirani akimpa, amempokea.

Jirani alikuwa Bi Asiya. Alimpa kaa jekundu zuri, akamchagulia kubwa. Kisha akageuka, akawaambia waliokuwa ndani, "Ni mutu wa kwa Athumani, anaomba moto."

Hakusema kwa ubaya. Biasha akashukuru, akarudi na kaa lake, akalitazama likipoa kwenye kigae bila kulipuliza. Mama yangu anasema alikaa hivyo mpaka jua likapanda. Kisha akasimama, akaanza kung'oa miti aliyoisimamisha kwa mikono yake. Watu wa Mwaloni wakadhani malale yameanza kumpanda kichwani.

Tangu siku hiyo alikuwa na namna yake ya kupima mitaa. Hakuuliza kwanza bei ya kiwanja wala umbali wa maji. Alikwenda alfajiri na kigae chake, akaomba moto, akasikiliza atakaloambiwa.

Alianza na Bondeni, kando ya mto, kwenye michikichi. Kwa mkamuaji wa mawese pangekuwa peponi: matunda juu ya kichwa, maji chini ya miguu, udongo laini wa kukandika. Mtu wa kule aliyeitwa Maneno, mkwezi wa michikichi, alimpa moto upesi. "Chukua, dada, chukua. Lakini usijengeke hapa. Mbung'o banakula watu, na askari banasema sisi wote tutahamishwa." Biasha alimpenda Maneno kwa ukweli wake, akamwachia kibuyu cha mafuta. Kabla ya mvua nyingine Bondeni walihamishwa kweli, na nyumba zao zikachomwa pamoja na vichaka. Ukinunua kiwanja mahali ambapo wenyeji wenyewe wanatazama njia, umenunua safari.

Ikabaki Mlimani. Siku zile hakuna Mswahili aliyeita kule mtaa. Palikuwa na Warundi wachache na mashamba yao ya mtama, upepo wa kuezua paa, na kilima cha kupanda na mtungi kichwani kila siku. Wa Mwaloni walikuwa na msemo: ukitaka kumficha mkweo, mjengee Mlimani.

Biasha akapanda na kigae chake. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa Kirundi aliyeitwa Mama Bukuru, mama wa mapacha, na hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni.

"Amahoro," Biasha akamsalimu kwa Kirundi. "Minaomba moto."

"Amahoro. Moto iko." Mama Bukuru akamjazia kigae. Akamtazama miguu yenye vumbi, halafu akatazama upepo. "Funika na jivu, utazimika. Weye iko na watoto wangapi?"

"Mumoja. Anaolewa."

"Ee. Basi utataka nyumba yenye mulango mukubwa."

Ndiyo hayo tu. Hakuuliza yeye ni wa nani. Hakujua hata kwamba swali hilo lipo. Biasha alishuka kilima akilia hadharani, mtu mzima mwenye binti wa kuolewa, na hakujifuta.

Mzee wa kilima alimpa kiwanja kwa mbuzi jike na mawese, na bibi yangu akahamisha miti ile ile, kutoka Mwaloni mpaka juu, kichwani, yeye na Chausiku. Mama Bukuru na mapacha wake walikanda udongo nao. Wa Mwaloni wakaja kutazama na kuchekelea: ndagala zitamfikia zimeoza, wageni watakata pumzi, harusi itaishia katikati ya kilima. Biasha akaendelea kukandika. Mlango aliutengeneza mwisho, wa mbao, mkubwa kuliko nyumba ilivyostahili. Ukiutazama leo bado utasema mwenye nyumba hii alikuwa na makuu. Alikuwa nayo, na alistahili.

Maharagwe yakavunwa. Wazee wa Gatete wakauliza tena, na Biasha akanyoosha kidole. "Mulango iko juu. Mutapanda."

Wakapanda. Ngoma zikapanda, Bi Asiya akapanda huku akishika kiuno, Maneno akapanda na mkungu wa chikichi begani. Mji mzima ulipanda kilima ambacho jana yake uliita maficho ya wakwe, na walipofika juu waligeuka kutazama, kwa sababu kutoka pale ziwa lote liko mbele yako mpaka milima ya Kongo, na kule Mwaloni huoni ila mgongo wa nyumba ya mwenzako.

Bwana Athumani alifika mwisho, na fimbo yake, amevaa kanzu ya sikukuu. Mama yangu alikuwa ndani amefunikwa, akamwona kupitia mwanya. Miaka yote ile, kibanda alicholala Biasha hakikuwahi kubishiwa hodi. Athumani alikuwa akiingia kama mtu anavyoingia ghalani kwake. Sasa alifika mbele ya mlango ule mkubwa, uliofungwa, watu wote wakitazama. Akasimama. Akaweka fimbo chini.

"Hodi."

Ndani Biasha alikuwa anafunga kanga yake. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena vizuri.

"Hodi, Mama Chausiku," Athumani akasema mara ya pili.

Bibi yangu akafungua. "Karibu, Bwana Athumani. Viatu huwa tunaacha nje."

Akavivua.